Duara Jekundu la Mama Mdogo

Kila nikitoka shule nilipitia ofisini kwa mama mdogo. Mimi nilifanya kazi zangu za shule kwenye kona ya meza, yeye akitafsiri maelezo ya mashine kutoka Kiingereza kwenda Kijapani. Siku hiyo aliacha nafasi tupu, akaizungushia duara kwa penseli nyekundu, akatoka kwenda kunawa uso.

Nikachungulia. Neno la Kiingereza aliloliruka lilikuwa "charge", limeandikwa peke yake kwenye kitufe cha mashine ya kuwasaidia wagonjwa kupumua. Wiki hiyo nilikuwa nimeshahesabu maduara kumi na moja. Mjuzi gani huyu wa kuacha mapengo kumi na moja? Nikaamini mama mdogo anatuzuga, Kijapani chenyewe hakijui.

Nikafungua kamusi yake ya Kiingereza, Kiswahili na Kijapani. Neno lilikuwa na maana tele: kushtaki, kutia umeme, kujaza gesi. Maana ya kushtaki nikaiacha, maana mashine haimpeleki mtu mahakamani. Pichani niliona mtungi, basi nikanakili herufi za Kijapani za kujaza gesi na kufuta duara. Nikajiona bingwa.

Mpiga chapa wa ofisi, aliyekaa meza ya pili, akaichukua karatasi, akaichapa. Mama mdogo aliporudi na kuisoma, uso ulimbadilika.

"Nani amejaza hapa?" Akamkazia macho mpiga chapa bila hata kutazama mwandiko. "Tangu lini umekuwa mfasiri?"

"Dada, mimi nimechapa nilichokikuta."

"Usinichezee! Karatasi imepita mikononi mwako. Kesho usije."

Mpiga chapa akakusanya miwani na kikombe chake. Mimi nikainamia daftari langu. Aliponipita mlangoni akanishika kichwa. "Soma kwa bidii, mwanangu," akasema. Hapo nikashindwa kujizuia.

"Mama mdogo, ni mimi! Nilidhani hujui."

Kabla hajajibu, simu ililia. Alikuwa fundi wa kiwandani, akijibu swali aliloulizwa na mama mdogo asubuhi: kitufe kile ni cha kutia umeme kwenye betri. Gesi ina kitufe chake.

Mama mdogo akaweka simu chini, akamgeukia mpiga chapa.

"Nisamehe, ndugu yangu. Rudi kitini." Kisha akanitazama mimi. "Ulinishuku bila kuniuliza, nami nikamshuku mwenzangu bila kumuuliza. Sote tumejaza pengo kwa kubahatisha. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ukiona duara langu, ujue bado nauliza."

Akanipa ile penseli nyekundu. Kesho yake daftari langu la hisabati lilikuwa na maduara manne, na yote nilimpelekea mwalimu.