Kidonda Chini ya Ulimi wa Okwakol

Ulimwona Okwakol, ukaangalia kando. Usikatae. Mlikaa pamoja kijijini Moding kwenye chungu cha ajon, pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake. Ukaona pombe ya moto ikimkunja uso. Ukacheka. Miaka kumi na mbili iliyopita mlimcheka mwenzenu Ilukor hivyo hivyo, mpaka taya lake likanuka, mkaanza kusogeza viti mbali naye. Ilukor alizikwa mwezi wa nane.

Akiteng, mke wa Okwakol, hakucheka. Kosa lake lilikuwa lingine. "Ni ajon imekuunguza ulimi," alimwambia mumewe. "Weka mrija upande ule mwingine." Okwakol akahamisha mrija. Wiki sita zikapita.

Selpha, mhudumu wa afya wa kijiji, alipita kuuliza habari za vyandarua. Akiteng akamvuta pembeni, akamwambia habari za mdomo wa mumewe.

"Mzee, fungua mdomo," Selpha alisema.

"Mimi si ng'ombe wa sokoni."

"Ng'ombe ningeangalia meno. Wewe inua ulimi."

Chini ya ulimi palikuwa na doa jekundu, kingo zake ngumu.

"Aliungua tu," Akiteng alisema.

"Kuungua kunapona siku chache, mama. Kidonda cha mdomo kikipita wiki mbili lazima kiangaliwe. Na huyu anatafuna tumbaku, tena anakunywa. Hizo mbili zikishikana, hatari inazidi."

Wakaenda Busia, kwenye hospitali ambako watafiti walikuwa wakijaribu kifaa kipya cha kuchunguza vidonda vya mdomo. Daktari wa meno aliitwa Vivianne.

"Mtanikata ulimi?" Okwakol aliuliza. "Nitagombana na huyu mwanamke kwa kitu gani?"

"Kwa macho," Akiteng alijibu. Mikono yake ilikuwa imebana mkoba.

Vivianne alimulika chini ya ulimi kwa kile kifaa. "Nyama nzima na nyama iliyoharibika haziakisi mwanga sawasawa. Ona, doa ni pana kuliko tulivyodhani. Sasa mawimbi ya sauti, kama mashine ya kuangalia mtoto tumboni. Yanaingia ndani, yanarudi, tunajua limezama kiasi gani. Mwanga unatupa upana, sauti inatupa kina."

"Kwa hivyo ni kansa?" Akiteng aliuliza.

"Kifaa hakiwezi kusema hivyo, na bado kinajaribiwa. Nitatoa kipande kidogo cha nyama. Maabara ndiyo itasema."

Maabara ilisema ni saratani. Haikuwa imezama sana. Okwakol alikatwa sehemu ya ulimi, si ulimi wote. Alirudi Moding akiongea, ingawa maneno mengine yanateleza. Tumbaku ameacha, na pombe pia. Daktari humwangalia kila baada ya miezi michache.

Sasa wewe. Kifaa kile hakiko kijijini kwenu, na sijui kitafika lini. Usikingoje. Simu yako ina tochi. Iwashe sasa hivi. Angalia ufizi, ndani ya mashavu, chini ya ulimi. Wako, na wa mwenzako. Kuna kidonda, uvimbe, doa jeupe au jekundu la zaidi ya wiki mbili? Kesho asubuhi nenda kliniki. Wakikuambia urudi mwezi ujao, keti pale mlangoni. Usiondoke mpaka mtu aangalie.