Waliovushwa Mara ya Pili

Filamu ilikwisha saa nane na robo mchana, lakini sauti haikukoma.

Awiti alidhani ni mashine. Alikuwa na miaka tisa katika kazi ya kunakili filamu za zamani kwenye kompyuta, na alijua mashine zina vituko vyake. Akaliangalia gurudumu. Mkia wa filamu ulikuwa umeshatoka, unapigapiga hewani. Akazima umeme. Spika ikanyamaza, kisha mtu akakohoa ndani yake, na sauti ileile ya kiume iliyosimulia filamu ikasema, "Rudieni. Bwana asema rudieni."

Halafu kimya.

Chumba hicho kilikuwa ghorofani katika nyumba ya Bi Mwanakuu, Mji wa Kale, na madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ili mwanga usipite. Mafundi waliokuja kutengeneza paa ndio walioikuta mikebe ya filamu darini. Ilikuwa mali ya babu yake Bi Mwanakuu, marehemu Mzee Shee. Wakati wa vita vya Bama, katika Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilimwajiri Mzee Shee asome maneno ya Kiswahili kwenye sinema za vita. Lori lilizizungusha sinema hizo vijijini, shuka jeupe likatundikwa uwanjani, na wazazi wakaona jinsi vijana wa wenzao wanavyoshinda. Kesho yake wengi waliwatoa wa kwao waandikishwe jeshini. Bi Mwanakuu, mjane mwenye makamo, alimkumbuka babu yake kwa fahari. Alitaka filamu zote zihifadhiwe zisije zikaoza.

Hii ya kwanza ilionyesha askari weusi wakivuka mto, bunduki juu ya vichwa, meno nje kwa kicheko. "Vijana wetu wanavuka kwa furaha," Mzee Shee alisoma. "Wameshiba, wana afya. Adui amekimbia. Hakuna hata mmoja aliyepotea."

Awiti alimwita Ngowa, fundi umeme aliyefanya naye kazi. Ngowa akapima waya mmoja mmoja.

"Waya ni nzima, dada. Labda redio ya jirani imeingiliana na spika."

"Redio inayokohoa?"

Ngowa aliinua kichwa. Alikuwa akinusa. "Kuna bomba limepasuka humu? Nasikia harufu ya tope."

Hapakuwa na bomba ghorofa ile.

Siku ya pili Awiti aliirudia filamu ili ailinganishe na nakala ambayo jana alimtumia Bi Mwanakuu kwenye simu. Askari walitokea ukingoni, na kabla hawajaingia majini nguo zao zilikuwa zinachuruzika. Jana walikuwa wakavu. Aliikumbuka kofia ya mmoja iliyonyooka kama iliyopigwa pasi. Akaiwasha mara ya tatu. Wakaja wameinama, midomo imewapauka, hakuna aliyecheka, ilhali Mzee Shee alisoma kwa uchangamfu uleule kwamba wameshiba na wana afya. Awiti akazima na kushuka chini upesi. Kwenye ngazi akakuta alama za viatu, viatu vizito vya misumari, vimelowa, vinapanda. Hapakuwa na alama za kushuka.

Jikoni, Bi Mwanakuu alikuwa amesimama mbele ya jiko la makaa. Kiganja chake kilikuwa juu ya makaa, na ngozi ilikuwa inatoa moshi.

"Bi Mwanakuu, mkono!"

Awiti akauvuta. Mama yule akamgeukia akitabasamu. "Hakuna hasara," alisema, kwa sauti nzito ya mwanamume. "Askari wetu wana afya."

Walimpeleka zahanati, akafungwa bendeji. Njiani kurudi alikuwa Mwanakuu yule yule wa siku zote. "Nilisikia mto, mwanangu," alinong'ona. "Nilitaka kusema naungua, maneno yakaja mengine."

Awiti alitaka kufungasha mashine siku hiyohiyo. Bi Mwanakuu akamshika kwa mkono mzima. "Usiniwate peke yangu na kitu hiki." Naye Awiti, ambaye mama yake alikufa mbali yeye akiwa kazini, hakuweza kuondoka.

Kesho yake, adhana ya magharibi ilipokuwa inaadhiniwa, Bi Mwanakuu hakuwamo chumbani mwake wala jikoni wala barazani, na mlango wa mbele ulikuwa wazi, na kutoka mlangoni maji yalikuwa yamechora mstari juu ya mawe ya kichochoro kana kwamba mtu ameburura nguo iliyolowa, na Awiti na Ngowa wakaufuata mstari huo mbio, wakipita watu waliokuwa wanaharakisha msikitini na ambao hawakuona lolote, wakateremka hadi kwenye ngazi za bandari ya kale, na pale wakamwona yuko ndani ya maji, yamemfika kifuani, mikono juu ya kichwa kama mtu aliyebeba bunduki, anakwenda taratibu, hageuki, na kulia kwake na kushoto kwake maji yalikuwa yanapasuka mistari mingine mingi, kama ya watu wanaotembea pamoja naye, na hapakuwa na mtu.

Ngowa alijitupa na nguo zake, akamvuta hadi ngazini. Alisema baadaye kwamba alipomshika kiunoni alihisi mabega ya watu wengine yakimsukuma, baridi na yenye uzito, nayo hayakumpinga. Yaliendelea tu kwenda mbele.

Usiku ule aliletwa Bi Raihana kutoka Bondeni, mwanamke wa kisomo, jirani ya marehemu mama yake Mwanakuu. Alifukiza ubani, akasoma kwa muda mrefu, akamnywesha mgonjwa maji ya kombe, yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Kisha akainama karibu na sikio lake.

"Assalamu alaikum, mgeni. Umetoka wapi?"

"Sikutoka popote," ilijibu sauti ya Mzee Shee kinywani mwa mjukuu wake. "Nilikuwamo."

"Wewe ni Shee?"

"Shee amekufa. Mimi ni mwenzake."

Bi Raihana aliwageukia Awiti na Ngowa, akasema polepole, "Kila binadamu huzaliwa na jini wake. Mtu akifa, jini huenda akabaki." Akamrudia mgonjwa. "Sema kilichokuweka."

"Askari walivuka asubuhi, wakafika salama wote. Mpiga picha alichelewa. Bwana, mzungu wao, akasema rudieni, picha ipatikane. Mvua ilikuwa imenyesha milimani na mto umefura. Wakaambiwa wacheke. Kumi na wawili hawakutoka. Kipande hicho kilikatwa, lakini Shee alikuwa amekiona. Akapewa karatasi, akasoma. Kijiji hiki sauti yake ikasoma, kijiji kile ikasoma. Na kila taa ikiwashwa, wao huingia tena."

"Na huyu mwanamke wamtesea nini?"

"Simtesi. Aliamuru iwashwe. Anayeamuru huvuka nao."

"Wataka nini?"

Sauti ikachelewa. Ilipokuja ilikuwa imechoka mno. "Wasivushwe tena. Kipande kimo katika mkebe usio na maandishi. Wapelekeeni watu wao."

Waliufungua mkebe huo alfajiri. Ndani yake palikuwa na kipande kifupi cha filamu na karatasi iliyokunjwa, majina kumi na mawili kwa mwandiko wa Mzee Shee. Ngowa alisoma hadi la saba akakaa chini sakafuni.

"Masha wa Ngowa," alisema. "Huyu ni kaka wa babu yangu. Mimi nimepewa jina la baba yake. Nyumbani tuliambiwa amebaki ng'ambo, ameoa huko."

Dada wa Masha alikuwa hai. Hawe Dama, yaani Bibi Dama, mwenye miaka tisini na zaidi, alikuwa akikaa na Ngowa huko Tudor tangu miguu ilipomkatalia. Jumapili mchana walikwenda wote wanne, na Bi Mwanakuu, mkono ukiwa umefungwa, akapiga magoti mbele ya kiti cha bibi yule.

"Babu yangu aliwadanganya," alisema. "Ndugu yako hakuoa ng'ambo. Alizama, na babu alijua."

Hawe Dama aliushika ule mkono wa bendeji. "Mama yangu alimpikia kila Krismasi hadi alipokufa," alisema. "Sahani yake ilikaa mezani." Kisha akauliza, "Humo ndani anaonekana?"

"Anaonekana, Hawe," Ngowa alijibu. "Lakini tukiwasha, anaingia tena mtoni."

"Siku aliyochukuliwa nilikuwa kisimani. Sikumuaga. Niwashieni mara moja."

Hakuna aliyetaka. Bi Raihana alitazama chini. Mwisho Awiti akafunga mapazia, akawasha projekta waliyokuja nayo, kuelekea ukutani.

Walitokea ukingoni wamelowa, wamekonda, macho yamewaingia ndani. Ile ilikuwa filamu fupi mno, ya nusu dakika, lakini ilizidi kwenda bila kukoma. Harufu ya tope ikajaa sebuleni. Kutoka kwenye spika Mzee Shee akasema, "Rudieni," na mstari wa askari ukasogea majini.

"Masha," bibi yule aliita, kwa sauti ya dada anayemwita kaka yake kula. "Keti."

Mmoja wao akasimama. Akageuza uso, na ulikuwa uso wa Ngowa, ila wa kijana wa miaka ishirini. Akaketi kwenye majani. Wa nyuma yake akaketi, kisha mwingine, wote kumi na wawili, na mmoja akaanza kufungua kamba za viatu. Spika ilikoroma, haikusema kitu. Wakakaa hivyo mpaka ukuta ukabaki mweupe.

"Sasa kawazikeni kwetu," Hawe Dama alisema.

Asubuhi iliyofuata waliondoka kwenda Kaloleni, kwao Hawe Dama, mikebe yote ikiwa kwenye buti ya gari, Ngowa akiendesha. Awiti alikuwa amefuta nakala zake zote, na ile ya kwenye simu ya Bi Mwanakuu. Bi Mwanakuu alilala kiti cha nyuma, usingizi wake wa kwanza wa wiki nzima. Walipokuwa wanakaribia daraja la Makupa simu ya Ngowa ikalia, akamwomba Awiti amsomee.

Ulikuwa ujumbe kutoka kwa binamu yake wa Mariakani: mmeiona hii video ya wazee wetu wa Bama?

Picha yake ilikuwa ya mto.

"Bi Mwanakuu aliituma," Awiti alisema, akisoma maelezo ya chini yake. "Siku ile ya kwanza, kwa wajukuu zake, akawaambia waisambaze. Imetazamwa mara elfu sitini na mbili."

"Waambie waifute."

"Elfu sitini na mbili na mia tatu," Awiti alisema. Namba zilikuwa zinapanda mbele ya macho yake. "Mia nne. Ngowa, simamisha gari."

Lakini walikuwa wameshapanda darajani, bahari huku na huku. Awiti akageuka nyuma. Bi Mwanakuu alikuwa ameamka. Alikuwa ameketi wima, anatazama mbele, viatu vyake amevivua na kuvipanga vizuri kitini, na taratibu, kwa mkono wa bendeji, alikuwa anaukunja ukingo wa buibui lake kuelekea magotini, kama afanyavyo mtu ambaye maji yamekwisha kumfika miguuni.