Waridi la Jua la Utosini

Nyuki walikuwa wamejaa bustani nzima isipokuwa kona moja.

Mshonaji ndiye aliyegundua, kwa kuwa alikuwa ametangulia mbele ili asitembee bega kwa bega na wifi yake. Ilikuwa katikati ya msimu wa joto, siku ya mapumziko, na bustani ya mawaridi ilijaa wageni waliotembea taratibu kwenye vijia vya kokoto, wakiinama kusoma vibao, wakipigana picha. Mawaridi yalikuwa ya kila rangi, na juu yake nyuki walivuma kama cherehani zinazofanya kazi chumba cha pili. Alipopita ukuta wa mwisho, mvumo ule ukakatika, kama vile mtu kafunga mlango nyuma yake.

Palikuwa na kichaka kimoja tu, kimezungushiwa kamba. Maua yake yalikuwa mekundu yaliyokolea hadi kukaribia weusi, makubwa kama ngumi. Hakuna nyuki aliyetua. Hata nzi hakuwapo.

"Mama, hilo usilinuse."

Aliyesema alikuwa mtunza bustani, amesimama mbali, reki mkononi, na hakuonyesha dalili ya kutaka kusogea.

"Kwani lina nini?"

"Lina mwenyewe," alijibu kwa sauti ya chini. "Kamba tumeweka, watu wanairuka. Na saa hizi, jua likiwa utosini, ndiyo mbaya zaidi. Ukilinusa, naye anakunusa." Kisha akaburuta reki yake akaenda zake, bila kugeuka.

Mumewe akatokea, dada yake nyuma. Mume alikuwa fundi wa makochi, mtu mpole asiyeweza ugomvi, na safari hii ilikuwa wazo lake. Alitaka mke na dada wapatane. Dada mtu alikuja kukaa kwao wiki moja ndoa yake ilipovunjika, na wiki hiyo haikuisha. Watu walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Alianza kuongea kabla hajatoka kitandani, na mengi aliyoongea yalimhusu mke wa mdogo wake. Mimba ya Mshonaji ilipoharibika, Chiriku aliwaambia majirani kwamba mdogo wake ameoa mti mkavu. Maneno yalizunguka mtaa mzima, yakamrudia Mshonaji mwenyewe dukani, mbele ya watu, akiwa ameshika mkate. Tangu siku hiyo wakawa paka na panya chini ya paa moja.

"Hili usilinuse," Mshonaji alisema, macho ameyaelekeza pembeni. "Wamekataza."

"Amekataza nani? Wewe?" Chiriku alicheka. "Jiko lako, nyumba yako, mume wako. Leo na maua ya watu yamekuwa yako?"

"Dada, tafadhali," Fundi akasema.

"Angeniambia mtu mwingine ningeacha."

Akairuka kamba. Akalishika ua kwa mikono miwili, akazamisha uso wake wote ndani, akavuta pumzi. Alivuta kwa muda mrefu kuliko kifua cha mtu kinavyoweza, na Mshonaji akaona petali zikijikunja polepole kuyazunguka mashavu yake, kama vidole. Chiriku alipoinua uso, ulikuwa mkavu. Kila mtu bustanini alikuwa anatokwa jasho isipokuwa yeye. Hakusema neno pale, hakusema neno garini, na walipofika nyumbani aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

"Hewa ya bustani imemkubali," Fundi alimnong'oneza mkewe. "Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia bomba la jikoni linavuja."

Mshonaji naye, kwa kweli, aliona raha.

Harufu ilianza kesho yake. Mwanzoni ilikuwa nzuri, imekaa kwenye mashuka, kwenye taulo, ndani ya maji ya kunywa. Siku chache mbele, chini yake ikaja nyingine, ile ya maji ya maua yaliyosahaulika mezani, maji ya kijani yenye ute. Chakula kikawa hakiliki. Mshonaji alifungua kabati ili atoe gauni la harusi la mteja wake, akalikuta limetobolewa vitundu vidogo kifua kizima, kila kitundu kina duara la kahawia pembeni. Chumba alikuwa amekifunga mwenyewe, na ufunguo alikuwa nao.

Na kila siku, jua likifika utosini, Chiriku alitoka uani akasimama katikati, kidevu juu, mdomo wazi, bila kupepesa. Wakati huo vivuli vya ndoo, vya kamba za nguo, vya ukuta, vyote vilikuwa vimejikunja chini. Chake yeye kilikuwa kirefu. Kilitambaa sakafuni hadi kizingiti cha mlango wa jikoni, na kila siku kilifika mbele kidogo.

"Umekiona?" Mshonaji alimuuliza mumewe, midomo karibu na sikio.

"Nimekiona. Usiseme kwa nguvu."

"Kwa nini? Anasikia?"

"Sijui kama ni yeye anayesikia."

"Ni dada yako. Mwambie kitu."

Fundi aliiangalia mikono yake. "Nilimwambia asubuhi. Nilimwita dada, akanitazama hivi... Mke wangu, mimi yule sikumjua." Akavaa viatu, akaenda karakana mapema kuliko kawaida. Siku hiyo Mshonaji alimwona mumewe kuwa mtu mdogo sana.

Alibaki peke yake na ile nyumba. Aliwasha cherehani ili asisikie, lakini kila aliposimamisha sindano ilisikika sauti kutoka chumba cha wifi yake, kwach, kwach, kama mkasi unaokata mashina, na mkasi pekee wa nyumba hiyo ulikuwa mapajani mwake. Saa sita ilipokaribia, sauti ile ikakoma. Mlango wa chumba haukufunguka, lakini mtu akaongea kutoka nyuma ya mlango huo, taratibu, kwa sauti nzito yenye majimaji, kama ya mtu anayeongea huku mdomo wake umejaa kitu.

"Mshonaji. Njoo karibu, tuongee."

Hakutaka kwenda, na hata hivyo alijikuta ameshafika mbele ya mlango ule, paji la uso limegusa mbao, harufu ikimwingia puani na kooni mpaka akahisi meno yake yana ladha ya udongo wa kaburi, na ile sauti ikaendelea kwa upole, ikimweleza mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote: jinsi alivyosimama dukani na mkate mkononi, jinsi alivyolia bafuni huku ameacha maji yakimwagika ili asisikike, jinsi alivyoomba, si mara moja, mwanamke huyu afe.

"Unamchukia," sauti ilisema. "Mimi pia nimemwonja, hana ladha nzuri. Kesho jua likiwa utosini nitaondoka naye. Atakuita. Wewe usifungue tu. Ukitulia nitakuachia nyumba yako, nitakuachia mumeo, na tumboni nitakuwekea kile kilichopotea."

Mshonaji alishika tumbo. Hakusema ndiyo, na hakusema hapana, na hilo ndilo lililomtisha kuliko sauti yenyewe: alikuwa anafikiria. Alisimama pale akifikiria mtoto, akifikiria jiko lisilo na mtu mwingine, asubuhi zisizo na matusi, akajiambia kwamba si yeye aliyemwambia mtu aruke kamba, kwamba alimkataza kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba asiyefanya kitu hana kosa, na alikuwa karibu kabisa kugeuka na kurudi kwenye cherehani yake pale aliposikia, chini ya ile sauti nzito, mbali sana kama redio ya jirani, sauti nyingine nyembamba ikiropoka bila kituo kuhusu nyanya za sokoni zilizooza, na yule mama wa nyumba ya pili anayejifanya mgonjwa, na viatu vinavyombana, maneno yale yale yaliyokuwa yakimtoa roho kila asubuhi, yakifuatana mbio mbio kama ya mtu anayejua kwamba akinyamaza tu, amekwisha. Katikati yake likaja neno moja.

"Wifi."

Mshonaji akachukua simu akampigia mama yake mdogo.

Mama mdogo alikuwa mkunga, na huku na huko watu walimwita pia kwa kazi nyingine, ya kutoa mapepo yasiyotakiwa. Alifika asubuhi iliyofuata na basi la kwanza, mwanamke mfupi mwenye kikohozi, akasimama mlangoni akavuta hewa.

"Huyu anajiona mtanashati, uvundo hauwezi," alisema. "Leteni chumvi ya mawe, vitunguu saumu, na mpira wa zamani wa baiskeli. Mume yuko wapi?"

"Kazini."

"Aitwe. Ni dada yake."

Fundi akaja, uso umemshuka. Walimtoa Chiriku chumbani akiwa mwepesi kama nguo tupu, wakamlaza jikoni, Fundi akamshika miguu. Mama mdogo akaweka mpira na vitunguu kwenye jiko la mkaa. Moshi mzito, mchafu, ukajaa. Chiriku akaanza kujinyonganyonga, na ile sauti ikatoka huku midomo yake haichezi.

"Kikongwe, unanuka."

"Nanuka," mama mdogo alikubali, akamsugua chumvi kwenye nyayo. "Shuka."

"Nimekaribishwa. Mwenye nyumba alisimama mlangoni kwangu na hakukataa. Mwulizeni."

Fundi akamtazama mkewe. Nje jua lilikuwa linapanda, na kutoka miguuni mwa Chiriku kivuli kirefu kilikuwa kimeanza kutoka, kikielekea kwa Mshonaji.

"Anataka jibu lako, mwanangu," mama mdogo alisema, macho yakimtoka machozi ya moshi. "Usimdanganye. Uongo ataunusa, na huo ndio mlango wake."

"Unamtaka huyu?" sauti ikauliza.

Kivuli kikafika vidoleni mwa Mshonaji, baridi kama sakafu ya machinjio, kikapanda kwenye kifundo. Alijua kwamba akisema anampenda atakuwa anasema uongo.

"Simpendi," alisema. "Alinifanyia ubaya na sijamsamehe. Lakini ni wifi yangu. Nitagombana naye mimi mwenyewe. Wewe hapa huna mtu. Toka."

Chiriku akajikunja, akatapika. Zilitoka petali, nyeusi, zimelowa, kiganja baada ya kiganja, na mwisho shina lenye miiba ambalo mama mdogo alilivuta kinywani mwa Chiriku taratibu kwa kitambaa, akilaani, mpaka mwisho wake ukatoka na damu. Akalitupa kwenye makaa. Lilipiga kelele kama mtu. Vivuli vyote jikoni vikarudi chini ya wenyewe.

Kitu cha kwanza Chiriku alichosema, sauti imekwaruzika, kilikuwa, "Nani kachoma mpira ndani ya nyumba? Mna akili nyie?"

Mshonaji akakaa sakafuni akacheka hadi akalia.

Hawakuwa marafiki. Waligombana kesho yake kuhusu sufuria. Lakini neno la mti mkavu Chiriku hakulirudia tena, na aliwahi kumfokea jirani aliyelitaja. Pua yake ilikuwa imekufa; hakusikia harufu ya kitu chochote tena, wala ya maziwa yaliyochacha wala ya moto. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, alikuja kwenye cherehani, akainamisha shingo mbele ya mtu pekee ambaye hangempamba kwa maneno.

"Ninuse," alikuwa akisema. "Amerudi?"

Mshonaji alinusa. "Sabuni tu," alijibu. Au, "Vitunguu. Kaoge."

Msimu wa joto mwingine ukaingia. Asubuhi moja Chiriku alikuja kama kawaida, akiongea juu ya muuza mkaa na mizani yake, akainamisha shingo. Mshonaji akasogeza pua.

Alinusa mara moja. Akanusa tena.

"Eeh?" Chiriku aliuliza. "Vipi?"

"Jasho tu, wifi," Mshonaji alisema. "Hebu kaa hapa karibu yangu kidogo." Akamshika mkono, akaukaza, na kwa mkono wa pili akaanza kuitafuta simu chini ya vitambaa.