Nilifuta Uvimbe Usoni mwa Mke Wangu

Kosa langu nililianza mapema, hata kabla sijaoa: nilijifunza kufuta kasoro kwenye picha kabla sijajifunza kumtazama mtu ninayempiga picha.

Nina umri wa miaka ishirini na sita. Naishi Kaptembwo, Nakuru, na kazi yangu ni kupiga picha wanawake wajawazito. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza peke yangu kwa simu, na kwa sababu hiyo niliogopa sana kuchekwa. Picha moja ningeikalia siku nzima... kidoa kimoja tu kikininyima amani!

Mke wangu, Mercy, aliposhika mimba, niliapa picha zake zitakuwa bora kuliko zote. Mtoto wetu wa kwanza!

Rafiki yangu ana shamba la ngano Rongai. Ngano ilikuwa imeiva, inang'aa, na kombaini ya kuvuna ilikuwa inakuja Ijumaa. Ilibidi twende Alhamisi. Alhamisi hiyo hiyo Mercy alikuwa na kliniki.

Alinikumbusha. Nikamwambia kliniki iko kila wiki, ngano haiko kila wiki. Mungu wangu... nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe!

Kule shambani alilalamika kwamba kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli. Nikamwambia ni jua. Pete ya ndoa ilikataa kuingia kidoleni. Akacheka, akainua gauni kidogo.

"Dan, hebu ona hii miguu! Unapiga picha bibi ama ndovu?"

"Wewe tulia tu," nikamjibu. "Hiyo nitatoa na kompyuta."

Na nikaitoa. Ijumaa kutwa nilipunguza mashavu, nikapunguza vidole kimoja kimoja, nikafuta uvimbe chini ya macho. Nilikuwa nautazama ugonjwa ana kwa ana, nimeukuza mpaka umejaa skrini, na sikuuona!

Siku hiyo mama mkwe alipiga simu kutoka Molo. Ni mkulima wa viazi, amezaa watoto saba, na Mercy alikuwa amemwambia kuhusu kichwa. Akaniambia, "Baba, nitumie picha nimwone uso."

Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa na picha mbichi na nilikuwa na ile niliyoirekebisha. Ningewezaje kumtumia mama mkwe picha mbaya? Nikamtumia ile nzuri.

Jibu lilikuja haraka. "Ako sawa. Uso hauna maji. Apumzike tu, ni uchovu."

Mercy alikuwa amepanga kwenda hospitali Jumamosi. Baada ya kusikia maneno ya mama yake, alibaki nyumbani.

Jumapili asubuhi, akivaa kwenda kanisani, alianguka. Mwili wote ulitetemeka, povu likamtoka mdomoni... Nilipiga mayowe mpaka jirani akatoa gari lake. Daktari alisema presha ilikuwa juu mno, na kwamba hicho ni kifafa cha mimba. Walimpasua ili wamwokoe. Mtoto wetu, msichana, alitoka kimya.

Mama mkwe alifika mchana. Alimwangalia Mercy kitandani, akaiangalia simu yake, akamwangalia tena.

"Hii picha ni ya lini?"

"Ya Alhamisi, mama."

"Hapana. Huyu si yule."

Ndipo nikamweleza yote. Nilitamani anipige! Hakunipiga. Alisema tu, "Ungenipa uso wake, Dan, ningejua."

Je, mtoto angepona? Daktari alisema huenda. Neno hilo moja linanitafuna mpaka leo.

Ni miezi minane sasa. Mercy yuko kwa mama yake Molo. Simu zangu anapokea, lakini habari ya kurudi hajaitaja, nami sithubutu kuuliza.

Ndugu zangu mnaosubiri mtoto, nawasihi! Mama akivimba uso na mikono, akiumwa kichwa, akiona vimulimuli, msiseme ni jua. Msiseme ni uchovu. Mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo. Picha isubiri, au isipigwe kabisa!

Siku hizi mama mjamzito akija kwangu, kwanza namwomba kitabu cha kliniki. Akiwa amekosa tarehe, simpigi picha mpaka aende. Wengine wananitukana na kutafuta mpiga picha mwingine. Na nyuso za watu sizigusi tena.