Nilimwita Mama Mdogo Muuaji

Kwa nini mtu asiyekosa dawa yake hata siku moja anakufa kama aliyeiacha? Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na swali hilo lilikaribia kunitia wazimu.

Ilikuwa Likasi, mji wetu wa viwanda, miaka ile ya tisini nchi ilipoporomoka. Chuo kikuu kilifungwa, nikarudi mtaa wa Panda kwa wazazi na kemia yangu ya miaka mitatu. Sikukubali kitu bila kukihoji: padri, waganga, redio... wote!

Mdogo wangu Solange alizaliwa na mucoviscidose, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makohozi mazito. Ukimbusu, midomo yako inabaki na chumvi. Véro, mdogo wa mama yetu aliyeishi Ulaya, alimchukua, na huko akapandikizwa mapafu ya marehemu. Alirudi akicheka bila kukohoa!

Lakini mwili hukataa mapafu ya mtu mwingine. Ili uyakubali, Solange alikunywa dawa ya mafuta ndani ya maziwa, asubuhi na jioni, king'ora cha kiwanda kilipolia. Mama mdogo Véro aliituma kwa wasafiri. Kiwanda kilipokufa, king'ora kikanyamaza. Solange akafuata saa ya baba. Hakukosa hata mara moja!

Kisha kikohozi kikarudi... na homa, na kukonda. Zahanati haikuwa na filamu ya kupiga picha ya kifua. Muuguzi alisema ni kifua kikuu, akatupatia vidonge vyekundu.

Solange alisita, akaniita yaya, kama mdogo amwitavyo mkubwa wake. "Yaya, docteur alinikatazaka kunywa dawa ingine bila kumuuliza."

"Docteur yako iko Ulaya. Minye ndjo niko hapa!"

"Weye unaulizaka hata Mungu maswali! Leo unashindwa kuuliza docteur moja?"

Mama alinisihi niende Mulungwishi, kwa wamisionari wenye fonia, redio ya kupeleka habari mbali, ujumbe umfikie Véro. Nilicheka. Wamisionari wanajua nini kuhusu mapafu?

Solange akameza. Mkojo wake ukawa mwekundu, mama akapiga kelele akidhani ni damu. Nilimweleza kwa majivuno kwamba ni rangi ya dawa tu. Nilijiona daktari!

Wiki zikapita, pumzi ikazidi kupungua. Akashindwa kutoka kitandani hadi mlangoni. Nilitafuta mwenye kosa... nikampata! Nilimwandikia Véro: umetuma dawa ya uongo, wewe ni muuaji. Msafiri akaibeba barua.

Solange alifia mikononi mwangu, kando ya kikombe chake cha maziwa. Nilimbusu kwenye paji la uso. Chumvi...

Véro hakujibu. Hakutuandikia tena. Mama alingoja miaka mingi kusikia neno la mdogo wake, na tulimzika bila neno hilo. Nani aliwatenganisha kama si mimi?

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Unayejivunia kuhoji kila mtu, ulijihoji mwenyewe lini? Mgonjwa akisema amekatazwa, msikilize. Tembea kwa miguu ukaulize, hata kama ni mbali, hata kama unaona aibu...

Miaka mingi baadaye, nikiuza dawa kwenye duka Lubumbashi, nilifungua karatasi ya maelezo ya vidonge vile vyekundu. Iliandikwa wazi: vinalifanya ini liteketeze dawa ya waliopandikizwa viungo kabla haijafanya kazi.

Mafuta ya mama mdogo yalikuwa halisi.