Redio ya Jikoni kwa Prapti

Krrr… krrr… Alfajiri, gizani, redio ya mkononi ilikwaruza juu ya kabati la jikoni. Prapti akaikimbilia, akatega sikio. Hakuna neno, mikwaruzo tu.

"Ni ukungu," alisema mama mkwe, akipuliza kuni. "Moto ukikolea ukungu utapaa, sauti ipate njia."

Hata wiki iliyopita walisema hivyo. Kumbe kituo cha kuangalia mto kilikuwa kinaonya: mvua imepiga mlimani, mto unashuka na mchanga na mawe. Hawakusikia. Zizi la mbuzi likazolewa, hatua ishirini tu kutoka kitanda cha Wening, binti wa Prapti wa miaka sita. Tangu hapo Prapti halali vizuri.

Kulipokucha akamwita jirani yao Giyarto, anayejitolea kituoni.

"Boksi la redio linasema inafika kilomita kumi, na kituo kiko kilomita nne! Hewa ya hapa ina nini?"

"Hewa haina kosa, dada." Giyarto akainua chupa ya chai. "Hii ina kuta mbili. Katikati wamenyonya hewa, pakabaki patupu. Hilo ndilo ombwe. Mawimbi ya redio hupita kwenye ombwe bila shida. Kwenye hewa mwendo wake hupungua kidogo mno, hutambui. Na ukungu hauzuii redio kama hii."

"Kuni zangu zote hizo!" mama mkwe akashika kiuno.

"Si chai umepata, bibi?"

Prapti hakucheka. "Na hizo kilomita kumi?"

"Zimepigiwa hesabu kwa uwazi huru. Huko hakuna hewa, ardhi, ukuta wala mti, upande wowote. Uko kwenye hesabu tu. Hata ombwe la chupa hii lina kuta. Aliyeandika boksi hakuyaona mabati ya jiko lako, wala kile kilima; hivyo ndivyo vinavyozuia mawimbi."

"Nami nalaumu hewa, mtoto amelala pale…"

"Hukujua, dada. Lete panga."

Wakakata mwanzi mrefu, wakafunga antena kileleni, wakausimamisha upande wa uwanja, ambako kituo kinaonekana. Waya ukashuka hadi chumbani, walikohamishia redio.

Jumapili alasiri mlima ukafunikwa na wingu jeusi. Mara sauti ikaja, safi: "Mto unashuka! Nyumba za ukingoni, pandeni msikitini. Mjibu mkisikia."

Prapti alikuwa tayari amembeba mgongoni mama mkwe, asiyeweza kukimbia. Wening akaichukua redio, akabonyeza kitufe kwa vidole viwili.

"Tumesikia, tunatoka."