Majina Hamsini na Mawili

Jumamosi saa nne asubuhi mtaa wa Penn, mjini Pittsburgh, haupitiki. Foleni ya duka la samaki imeziba njia, watu wanatafuna mikate iliyoshindiliwa nyama na chipsi, na wauza fulana wanapaza sauti kama wanaolipwa kwa kelele. Desmond Tull, kocha wa mieleka, alikuwa ameshika kahawa aliyoihitaji kuliko hewa, pale kasia la karibu mita nne lilipochomoza kwenye umati na kumgonga mkono. Kahawa yote ikaishia kifuani.

"Samahani sana," alisema mwanamke aliyeshika upande wa pili wa kasia. "Nilikuwa nalenga watalii."

"Na umenipata mimi."

"Wewe ni mpana. Si kosa langu."

Alivaa buti za mpira, shati la drafti jekundu lililokunjwa mikono, na nywele alikuwa amezifunga kwa kamba ya kiatu. Kwenye kofia yake Desmond aliona nembo ileile iliyokuwa kwenye jaketi lake, nembo ya Chuo cha Tolliver.

"Tunafanya kazi pamoja?"

"Corinne Hrabovsky. Makasia, timu ya wanawake."

"Desmond. Mieleka ya wanaume. Miaka minne niko pale, sijawahi kukuona."

"Mko wapi nyie?"

"Chini ya bwawa la kuogelea. Dari linavuja."

"Loo, nyie mna dari?"

Desmond akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msimu uishe. Akashika ncha ya kasia lile lililopasuka, wakalipeleka pamoja kwa fundi mmoja nyuma ya kanisa, aliyekubali kuliunga kwa kreti ya bia, kwa sababu fungu la matengenezo la Corinne lilikuwa limekauka tangu Machi.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Hawakuwa vijana, kila mmoja alikuwa na talaka moja na magoti mabovu mawili. Penzi lao lilikuwa penzi la watu waliochoka. Waliweka filamu, na kabla majina ya waigizaji hayajaisha wote wawili wako hoi kwenye kochi. Alfajiri simu inalia.

"Umeamka, mpenzi?"

"Nimeamka tangu jana. Wewe?"

"Niko mtoni. Ukungu umetanda, sioni wasichana wangu, nasikia tu wakinitukana."

"Wasalimie."

Kisha Agosti ikafika, na Bwana Pell, naibu mkurugenzi wa michezo, akamwita Desmond ofisini. Pell alivaa viatu vya ngozi bila soksi na kutabasamu kama tangazo la daktari wa meno.

"Kocha, sheria unaijua," alisema. "Zaidi ya nusu ya wanafunzi wetu ni wanawake, basi wanamichezo wetu nao wakaribie hapo. Futiboli ya Kimarekani peke yake ina wanaume mia moja na kumi na wawili. Mizani nailinganisha vipi? Kwa makasia. Mchezo wa makasia haukatai mtu. Msichana anakuja, anapewa jaketi na viatu, anahesabiwa siku ya shindano la kwanza, keshokutwa akiacha ni hiari yake. Mwaka jana Corinne aliandika kumi na tisa wa namna hiyo. Mwaka huu nahitaji ishirini na sita, na amekataa. Asipoandika, lazima nipunguze wanaume. Wako."

"Kwa nini wasipunguzwe wa futiboli?"

Pell alicheka kwa upole, kama mtu aliyetegewa kitendawili na mtoto.

Desmond alikwenda moja kwa moja kwenye banda la boti. Corinne alikuwa amepiga magoti, anasugua ubavu wa boti kwa sifongo.

"Pell amekutuma," alisema bila kugeuka.

"Nimekuja mwenyewe."

"Na maneno yake mdomoni."

"Ni karatasi moja, Cory. Nina vijana ishirini na wanane pale chini. Mieleka ndiyo iliyowaleta chuoni. Andika majina, siku ile ipite, nani ataumia?"

Corinne aliweka sifongo chini.

"Unaikumbuka barua yako ya mwaka jana?"

Aliikumbuka. Wasichana tisa walikuwa wakija kufanya mazoezi kwenye chumba chake jioni, wakiongozwa na Yesenia Burgos, binti mfupi mwenye shingo kama ya fahali, aliyekuwa akiwaangusha wanaume kisha akiwaomba radhi. Desmond aliwaombea timu rasmi ya wanawake. Jibu lilikuwa na mistari miwili: uwiano umeshatimia, hakuna haja.

"Uwiano huo niliutimiza mimi," alisema Corinne. "Kwa wale kumi na tisa. Niliahidiwa boti mpya, nikasaini. Boti haikuja. Na wasichana wako tisa walio hai wakafungiwa mlango na wasichana wangu hewa. Nililiona jibu ulilopewa mezani kwa Pell mwezi wa tano. Sikujua nikwambie vipi."

"Miezi mitatu umelala kwenye kochi langu na unajua."

"Ndiyo."

"Basi una deni. Umewanyima timu wasichana, sasa unataka kuninyang'anya na wavulana?"

"Nikisaini tena, wale tisa hawapati timu kamwe. Kila mwaka uwiano utatimia kwenye karatasi, kila mwaka wataambiwa hakuna haja."

"Wewe humlindi mtu yeyote," Desmond alisema. "Umechoka kudanganya tu, na unataka mimi ndiye nilipie usingizi wako."

Akaondoka. Corinne alipiga simu mara tatu siku hiyo, mara moja kesho yake, kisha akaacha.

Mwezi mzima Desmond alifundisha kama mtu anayebeba magunia. Ijumaa moja jioni alipita mbele ya hoteli kubwa ya katikati ya mji na kukuta mabasi mawili yakishusha timu ya futiboli ya Tolliver, vijana mia na kitu wenye suti za kijivu na mabegi. Kesho yake walikuwa na mchezo wa nyumbani. Mabweni yao yako dakika kumi kutoka pale, lakini desturi ni desturi, timu hulala hotelini mkesha wa mchezo ili ipate usingizi mzuri. Desmond aliijua desturi hiyo miaka yote na hakuwahi kuishangaa. Siku hiyo alisimama barabarani, akatazama. Mtu analala hotelini ndani ya mji wake mwenyewe, halafu chuo kinaapa kwamba kapu ni tupu, na maskini wawili, wa chumba cha chini na wa banda la boti, wanaachwa washikane mashati.

Alirudi mazoezini, akaketi ukingoni mwa mkeka, akawaeleza Yesenia na wenzake mambo yote, ya majina na ya barua.

Yesenia alisikiliza huku akifungua bandeji ya kidole.

"Kwa hiyo, Kocha, tulinyimwa timu na watu ambao hawakuwepo."

"Ndiyo."

"Na wewe ulimwomba aandike wengine?"

"Nilimwomba."

Shindano la kwanza lilikuwa Jumapili, kando ya mto Allegheny. Corinne alikuwa amewasilisha majina hamsini na mawili, ya wale wanaopiga makasia kweli. Kabla ya adhuhuri barua pepe ilikuwa imefika: mieleka ya wanaume itafungwa msimu utakapoisha. Desmond aliisoma ndani ya basi, akashuka, akamkuta Corinne amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, macho mekundu, mkate mkononi.

"Umeiona?" Corinne aliuliza.

"Nimeiona."

"Des, nisamehe. Nilipaswa kukwambia mwezi wa tano."

"Ulipaswa kuniambia, ndiyo. Na mimi sikupaswa kuja na maneno ya Pell." Akaketi chini kwenye majani yenye umande. "Yesenia ameandika barua mpya. Safari hii mizani imeinama, hawawezi kusema tena uwiano umetimia. Nimesaini chini ya majina yao."

"Watakubali?"

"Sijui. Watatuchosha kwanza."

Walitazama boti ikipita, wasichana wanane mgongo mmoja.

"Mkataba wako?"

"Unaisha Juni. Na bima ya afya nayo. Magoti yatajijua."

Corinne alimkatia nusu ya mkate. "Mimi hawanifukuzi. Wanahitaji hawa hamsini na wawili kuliko walivyowahi kumhitaji mtu." Akapangusa makombo. "Bima yangu inabeba mume."

"Hiyo ndiyo posa?"

"Nimeamka saa tisa na nusu usiku, Desmond. Hiyo ndiyo posa niliyo nayo."

Desmond alitafuna taratibu, akameza.

"Harusi iwe kabla ya Machi," alisema.

"Mbona haraka?"

"Msimu unaisha Machi. Nataka vijana wangu waje wakiwa bado ni timu."